Marehemu Ana Jina, Mtajeni

Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani na banjo langu kabla ya saa tatu usiku, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mke wangu akauliza, "Vipi, nyuzi zimekatika?" Nikamwambia kilichokatika ni hamu.

Kisa ni "Tom Dooley", wimbo wa zamani wa mauaji. Kijana mmoja mgeni, mkono wake wa fidla mtamu kweli (hilo simnyimi), aliuanzisha, duara zima la wapigaji tukaingia, wasikilizaji wakadaka kiitikio kwa makofi. Tulipomaliza, mama mmoja aliyekaa karibu na birika la kahawa akauliza, "Na huyo aliyeuawa, alikuwa nani?" Kimya. Watu wote wale na ala zao, hapa hapa North Carolina, wakawa wanatazama viatu. Kijana akacheka: "Msichana fulani tu."

Msichana fulani! Alikuwa Laura Foster. Aliuawa mwaka 1866 katika Kaunti ya Wilkes, asubuhi moja tu ya gari kutoka pale tulipokaa. Tom Dula, ambaye watu wa milimani walilitamka jina lake Dooley, alinyongwa kwa mauaji hayo mjini Statesville tarehe 1 Mei 1868. Wanamuziki Grayson na Whitter waliurekodi wimbo wake mwaka 1929. Halafu mwaka 1958 wakaja Kingston Trio, kundi la waimbaji watatu, santuri yao ikashika namba moja Marekani nzima. Sikilizeni yale maneno wanayosema kabla ya kuimba. Wapo watu watatu. Bwana Grayson (si yule mwanamuziki) ametajwa. Tom Dooley ametajwa. Wa tatu ni mwanamke mrembo. Basi, kaishia hapo.

Kwetu Tanga ukifika msibani, hata viatu hujavua, unauliza nani katutoka. Ukijibiwa "mrembo mmoja" utadhani umekosea nyumba.

Haya, nakubali, bila santuri ile wengi wetu tusingeujua wimbo, pengine hata mimi. Nimekubali, tuendelee.

Wako wanaolalamika kwamba ni aibu kupigia mauaji mwendo wa kuchezeka. Hao sina ugomvi nao, ila wamekosea. Uchangamfu wa banjo haujamuua mtu. (Na wanaoniuliza Mswahili na banjo wapi na wapi, wakaulize kwanza ni watumwa gani wa Kiafrika waliolizua huko ng'ambo ya bahari.) Kinachonikera zaidi ni wale wanaopunguza mwendo, wakafumba macho na kunong'ona kama wanamtongoza mtu, hadi muuaji anageuka mpenzi aliyevunjika moyo.

Msikilizeni G. B. Grayson, yule yule wa Grayson na Whitter, mwaka 1927 akiimba kisa cha Omie Wise, msichana mwingine aliyeuawa. Yeye, ambaye macho yake karibu hayakuona kitu, na fidla yake, basi. Halii, hatetemeshi sauti. Binti kaahidiwa ndoa, kapandishwa farasi, kazamishwa katika mto Deep River, na sauti ni ile ile toka mwanzo hadi mwisho, kama shahidi mbele ya hakimu. Bibi zetu wa taarabu waliijua siri hiyo: mwimbaji kakaa wima, uso mkavu, na neno linachoma safu ya tatu huko. Ukilia wewe jukwaani, msikilizaji abaki na kazi gani?

Na tazameni malipo yake. Naomi Wise, ndiye huyo Omie, alikuwa yatima, fukara, mjamzito. Jonathan Lewis aliyeshitakiwa hakupatikana na hatia ya kumuua. Leo Lewis anakumbukwa kwa sababu ya Omie tu, maana waimbaji walilishika jina la binti huyo wakalipitisha mdomo hadi mdomo kwa zaidi ya miaka 200. Mahakama haikumfanyia hata hilo.

Jumamosi hii narudi. Fidla ikianza "Tom Dooley" nitaomba waninyamazie kidogo, niseme: Laura Foster, Wilkes, 1866. Kisha tupige, tena mbio mbio watakavyo. Yule mama nitamwekea kiti. Mke wangu ameshanionya nirudi na banjo, nisirudi na kesi.