Mhandisi alipata nini Black Mountain?

Chuo cha Black Mountain, North Carolina, Marekani, kilichodumu kuanzia 1933 hadi 1957, hutajwa kwa wachoraji na washairi wake. Akitajwa mwanafunzi wake aliyeishia kwenye uhandisi, wengi huona alipoteza miaka. Hoja yao ina uzito. Chuo hakikuwa na ithibati wala mtaala wa uhandisi, na waliotoka pale na cheti walikuwa wachache mno. Anayesaini michoro ya daraja anahitaji mekanika na thamodinamiki, tena kwa mpangilio. Kusoma hesabu kwa Max Dehn, bingwa wa jiometria, hakukuziba pengo hilo.

Ila wanaosema hivyo hawajatazama vizuri kiangazi cha 1948. Mbunifu Buckminster Fuller na wanafunzi walijaribu kusimamisha kuba la kipenyo cha futi 48, karibu mita 15, kwa vibanzi vya mapazia ya madirisha. Viungo vikafungwa, kuba likagoma kuinuka. Kibanzi chembamba ukikivuta ni imara, lakini ukikigandamiza hupinda ubavuni mapema, malighafi yenyewe ikiwa bado ina nguvu tele. Kirefushe mara mbili, na mzigo wa kukipindisha unashuka hadi robo. Ukipachika viwili pamoja bila kuvikaza, ugumu unaongezeka mara mbili tu. Vikibanwa visiteleze kabisa, unaongezeka mara nane. Hesabu hizi ziko katika kila kitabu cha mihimili. Walioshika vibanzi vile walizipata mikononi kwanza, na nadhani hapo ndipo chuo hiki hakieleweki.

Zoezi la karatasi alilopenda Josef Albers, mwalimu wa sanaa chuoni hapo, linakwenda njia hiyohiyo. Weka karatasi ya A4 juu ya vitabu viwili vilivyoachana sentimita 20: inabonyea katikati. Ikunje kwa urefu, mikunjo ya sentimita 1, mmoja juu mmoja chini, uirudishe: inabeba simu. Ongeza mzigo uone inavyoshindwa. Haichaniki, mikunjo inatanuka kwenye ncha, kimo kinapotea, karatasi inalala. Gundisha ukanda wa karatasi kukatisha mikunjo kwenye kila ncha, nayo inabeba zaidi. Mwanafunzi amekwisha kujua kwa nini bati lina migongo na kwa nini kingo zake zinahitaji kushikwa, kabla hajaandika mlinganyo wowote.

Kenneth Snelson alikwenda pale kusoma sanaa kwa Albers, akapangiwa kumsaidia Fuller kuunda vielelezo. Kabla ya kiangazi cha 1949 alikwishaunda umbo ambalo vipande vyake vya mbao havigusani, vinashikiliwa na nyuzi zilizokazwa peke yake. Sifa ya ugunduzi huo iligombaniwa baadaye kati yake na Fuller. Fuller naye alirudi 1949 na kuba dogo zaidi. Lilisimama, na wanafunzi wakaning'inia humo.

Gharama ya kukosa ithibati ilimwangukia mwanafunzi, na aliyetaka leseni ilimbidi aende kusoma kwingine. Hilo halikutokana na karatasi wala vibanzi. Shule ya uhandisi yenye maabara kamili inaweza kutenga wiki mbili za mwanzo kwa mazoezi haya, kisha ndipo ifungue sura ya mihimili.