Sio homoni peke yake jamani
Mwandishi wa makala hii ya hedhi nzito kwa mabinti kasema kweli kwamba miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo yai halipevuki kila mwezi ndo maana hedhi inavurugika, ila msiishie hapo. Kuna mabinti damu yao haigandi vizuri, mfano ugonjwa wa von Willebrand, na hedhi nzito inaweza ikawa ndo dalili ya kwanza, muulizeni binti kama anatokwa sana damu puani au aling'oa jino damu ikagoma kukata. Kumwambia avumilie eti ndo ukubwa inaniuma sana, mtoto anaishiwa damu huku mnamwita mvivu! Akilowesha pedi kila saa au hedhi ikipita siku 7 apelekwe hospitali apimwe, hata mimba. Dawa zipo, vidonge vya homoni, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), madini ya chuma, ila aspirini msimpe, inazidisha kuvuja.