Mkate Ulioumukia Kiatuni

Julia Child ni yule mama wa Kimarekani aliyefika Ufaransa mwaka 1948 akiwa na miaka 36, hajui kupika la maana, akaishia kuwafundisha Wamarekani wenzake mapishi ya Kifaransa. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 2006, miaka miwili baada ya kufariki, anasimulia siku alipomwalika rafiki yake kula mchana. Alitaka kupika mayai kwa spinachi. Unga akaukisia kwa jicho, spinachi akaikosa sokoni akatia majani mengine, na chakula kikatoka kibaya ajabu. Wakala kwa adabu ya kujikaza, ladha yake hakuna aliyeitaja. Julia hakuomba radhi hata kidogo, na ndiyo sheria yake: mpishi haombi radhi.

Hapo nikafunga kitabu, maana nilisikia harufu ya hiliki na soksi.

Ngamiani, Tanga, mwaka 1996. Nina miaka 10. Ami yangu ndiye msemaji wa posa ya kaka yetu mkubwa, na wazee wanaondoka baada ya alasiri kwenda kwa kina bibi harusi, barabara sita tu kutoka kwetu. (Barabara za Ngamiani zina namba, mgeni hapotei mpaka aulize njia.)

Bibi alikuwa anaandaa mkate wa kumimina wa kuwapokelea wakirudi. Mchele kilo moja, umelala majini usiku kucha, umesagwa kwa tui zito mpaka ukawa laini kama uji wa mtoto, ukatiwa sukari, hiliki, na hamira kijiko kimoja cha chai. Akaufunika kwa kawa.

"Mjukuu wangu, nafika hapo kwa jirani mara moja. Usiuguse. Ukiumuka niite."

Nikakaa kwenye kigoda nikautazama. Kungoja mkate uumuke ni kama kumngoja fundi cherehani usiku wa kuamkia Idi. Nusu saa, hata kiputo! Nikaona bibi kapunja hamira. Kopo lilikuwa palepale. Nikatia vijiko vitatu, vile vya kulia pilau, nikakoroga, nikasogeza sufuria karibu na jiko.

Mkate ukaitika. Kwanza viputo viwili vitatu, pwa, pwa. Kisha kawa likaanza kuinuka lenyewe, taratibu, kama kuna mtu ndani anachungulia. Nikalikandamiza kwa mikono miwili, ukanitokea ubavuni. Akili ya miaka 10 ikaniambia dawa yake ni ubaridi, na chumba cha ami kilikuwa na sakafu ya saruji. Nikaubeba mpaka uvunguni mwa kitanda chake, nikauambia "tulia," nikaenda zangu kucheza gololi.

Viatu vya ami vilikuwa uvunguni humo humo. Vyeusi, vimepigwa dawa mpaka unajiona meno.

"Lahaula!"

Cha kulia kilikuwa kimejaa pomoni. Nje wazee wanapiga kelele kwamba jua linakwenda. Ami akachota alichoweza, akapangusa kwa gazeti, akavaa. Mimi nikapewa kazi ya kumshika babu mkono, nikawa nyuma yao nahesabu: fya, fya, fya.

Mlangoni kwa wenyewe, kiatu cha kushoto kikavuka kwa amani. Cha kulia kikatoka na soksi yake, zimeshikana kama kwa gundi. Ukabaki mguu mweupe kama umepakwa chokaa, na uzi mrefu wa mkate unauunganisha na kiatu. Ami akakanyaga mkeka mpya wa watu, akaacha nyayo mpaka walipokaa wazee.

Bibi wa bibi harusi akanusa. "Mbona nasikia hiliki?"

Ami akaukalia ule mguu, akasema Bismillahi, akaanza kuposa. Aliposa kwa ufasaha sijapata kusikia. Radhi hakuomba. Posa ikakubaliwa.

Usiku nyumbani, bibi alikuwa amekomba uliobaki sufuriani akauoka, makaa chini, makaa juu. Ukatoka na bonde katikati, mchachu kama togwa la juzi. Akaukata, akagawa, akakaa, kimya. Watu wakatafuna. Babu akasema "Mashallah" huku machozi yanamlenga.

Yangeishia pale. Lakini mimi Julia nilikuwa simjui, na tonge la tatu lilinishinda.

"Nisamehe ami! Mimi ndiye niliyezidisha hamira, halafu nikauficha uvunguni!"

Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Kumbe mpaka dakika ile walikuwa wanamshuku shangazi, na shangazi alikuwa ameondoka jioni ile kwenda Muheza, hayupo wa kujitetea.

Kifimbo cha bibi kilikuwa na ufasaha kuliko ami.

Kaka na mkewe sasa wana watoto wanne. Ami mpaka leo havai kiatu kabla hajaingiza mkono ndani, akautoa, akaunusa.