Sindano ya mguuni, kibofu kikatulia

Mwanamke mwenye multipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo, akiambiwa kwamba sindano ya mguuni huweza kumtuliza kibofu cha mkojo kinachomkimbiza chooni kila mara, hudhani anauziwa imani. Si haki. Pale Wachina wanapopaita Sanyinjiao, vidole vinne juu ya kifundo cha ndani, nyuma ya muundi, neva ya tibia hupita karibu, nayo hutokana kwa sehemu na mizizi ileile ya uti wa mgongo inayokiongoza kibofu. Ndipo Marshall Stoller, daktari wa njia ya mkojo wa San Francisco, alipoanzia tiba yake ya umeme.

Sindano ya geji 34, nyembamba kuliko ya chanjo, huingizwa takriban sentimita 5 juu ya kifundo kwa mshazari wa nyuzi 60. Elektrodi, kibandiko cha kupitishia umeme, hubandikwa kisiginoni, mguu uleule. Umeme hupiga mara 20 kwa sekunde, ukipandishwa polepole mpaka kidole gumba kijikunje au vidole vitanuke. Visipotikisika, sindano imeikosa neva: ichomwe upya, maana kuzidisha umeme kutaumiza bure. Mgonjwa mwenye ganzi ya unyayo asiulizwe anahisi nini, vitazamwe vidole. Ni dakika 30 kila wiki, kwa wiki 12. Anayeacha wiki ya nne hajaijaribu.

Wenye shaka wana hoja nzito. Ufaransa, mwaka 2011, wagonjwa 70 wa ugonjwa huu walitumia elektrodi za kubandika tu, dakika 20 kila siku kwa miezi mitatu. Takriban asilimia 83 walipata nafuu. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Je, ni imani tupu? Marekani, mwaka 2010, watu 220 wenye kibofu kisichotulia walipogawanywa makundi mawili, waliochomwa kweli walipata nafuu asilimia 54.5, wa sindano bandia asilimia 20.9. Ondoa hiyo 20.9 yote uihesabu imani, bado inabaki zaidi ya theluthi, na theluthi ya watu wanaoamka usiku mara tatu au nne si haba. Tatizo ni kwamba wagonjwa wa neva hawakuwamo humo, kwa hiyo tarakimu hiyo haihamishiki kwao moja kwa moja.

Hata hivyo, oksibutinini, dawa ya kumeza ya kutuliza kibofu, hukausha kinywa, hufunga choo na huweza kutia ukungu akili ambayo ugonjwa umekwisha kuielemea. Sindano huacha tone la damu au alama ya kuvilia.

Isichomwe kabla ya kupimwa mkojo na kuangaliwa kwa mashine ya picha baada ya kukojoa. Mkojo unaobaki ukizidi mililita 100, kwanza afundishwe kutumia katheta, mpira mwembamba wa kutolea mkojo, kwani sindano hii haikikamui kibofu kisichofunguka. Mwenye kifaa cha moyo au mimba asichomwe.