Dawa za Mimea na Ugonjwa wa Alzheimer: Asili Peke Yake Si Ushahidi

Anayedharau mimea katika mjadala wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, anasahau zilikotoka dawa mbili ambazo madaktari huwaandikia wagonjwa hadi leo. Galantamini iligunduliwa katika ua dogo jeupe la jamii ya Galanthus, ikafanyiwa utafiti Urusi na Bulgaria katika miaka ya 1950, na mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha itumike kwa ugonjwa huu. Rivastigmini nayo iliundwa kwa kufuata mfano wa kemikali iliyomo katika maharagwe ya Calabar, Nigeria, ambayo Waefik waliwalisha watuhumiwa wa uchawi: aliyetapika akapona alihesabiwa hana hatia, aliyekufa alihesabiwa mchawi. Sumu ile ile, ilipochunguzwa na muundo wake kubadilishwa, ilizaa dawa inayopimwa kwa miligramu. Hata hivyo, dawa zote mbili hupunguza makali ya dalili tu kwa baadhi ya wagonjwa. Hazizuii seli za ubongo kufa.

Watetezi wa tiba asilia husema kwamba mimea haijapewa nafasi ya haki, kwa kuwa kampuni haziwezi kupata hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, kwa jani. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ginkgo, dawa ya majani ya mti wa China, ilipewa nafasi. Utafiti mkubwa uliogharamiwa na serikali ya Marekani, matokeo yake yakatolewa mwaka 2008, uliwafuatilia wazee 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi kwa takriban miaka sita, na waliomeza ginkgo hawakukingika kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kukumini, kiini cha manjano tunayotia mchuzini, ina habari ngumu zaidi. Maabara imeonyesha kwamba huzuia amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, isigandamane, lakini ikimezwa hufyonzwa kidogo mno na ini huivunja upesi. Jaribio dogo la mwaka 2018 huko Los Angeles, lililotumia kukumini iliyotengenezwa ili ifyonzwe vizuri, liliona kumbukumbu ikiimarika, ila washiriki 40 hawakuwa wagonjwa wa Alzheimer. Kwangu mimi, hiyo ni sababu nzuri ya kufanya jaribio kubwa, na si ruhusa ya kuwauzia chupa watoto wa mama aliyekwisha kuwasahau majina.

Naielewa haraka ya watoto hao, kwani hata lekanemabu, dawa mpya ya gharama kubwa, hupunguza tu kasi ya ugonjwa na inaweza kusababisha damu kuvuja ubongoni. Lakini kirutubisho cha huperzini, kitokacho kwenye mmea wa China, hufanya kazi ile ile ya galantamini. Mgonjwa anayetumia vyote viwili anaweza kutapika na mapigo ya moyo wake kushuka, huku daktari hajui, kwa sababu nyumbani kirutubisho hicho hakiitwi dawa.