Mgonjwa wa Mkono Apelekewe Kicheko

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa mkono, jirani yangu aliingia sebuleni bila hodi, akaitazama bendeji, akavitazama vyombo kabatini, akasema: "Nimesikia Mnyamwezi kakatika mkono. Nimekuja kuchukua changu mapema, ndugu zake wa Tabora hawajashuka kwenye basi." Akabeba beseni la nguo chafu lililokuwa mlangoni mwa bafu, akaondoka nalo. Mama mdogo alikuwa kando yangu ameshika tama tangu asubuhi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu glasi inipasukie mkononi.

Jirani huyu ni Mzaramo, na sisi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo na mizigo yao kushuka pwani. Jioni beseni lilirudi. Nguo zimefuliwa, zimepigwa pasi, na juu yake bakuli la wali wa nazi. "Deni hilo," akasema. "Ukipona utalipa."

Nimeona niandike kwa sababu wengi wetu tunamtembelea mgonjwa wa mkono kwa nyuso za msibani, na kwa maoni yangu tunamrudisha nyuma.

Nilikuwa naosha glasi, mkono wa kulia umo ndani na sponji, ikapasuka. Jeraha halikuwa kubwa, hata damu ilikata upesi. Lakini kidole cha mwisho na cha pete vilibaki vimenyooka, nikitaka vikunje havisikii. Kano zilikuwa zimekatika. Daktari alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: misuli inayokunja vidole haimo vidoleni. Ile mikubwa iko huku juu, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na kano ndizo kamba zinazovuta. Ukiushika mkono wako chini kidogo ya kiwiko ukachezesha vidole, utaisikia misuli inavyotembea. Kamba ikikatika, ncha yake hujivuta kurudi kiganjani, na daktari hana budi kuifuata huko, kuirudisha na kuishona.

Kuishona ni mwanzo tu. Kano iliyoungwa ina hatari mbili zinazovutana. Ukiiacha imetulia, inagandamana na kovu linaloizunguka na kidole kinakuwa kigumu. Ukiilazimisha, uzi unakatika nawe unarudi kupasuliwa. Kwa hiyo nilifungwa kibao cha plastiki upande wa juu wa mkono, vidole vimeinama kidogo, wiki 6, na siku chache tu baada ya operesheni nikaanza mazoezi. Kazi nzito marufuku mpaka zitimie wiki 12. Zoezi lenyewe ukilitazama utasema si kitu: kwa mkono mwingine, ulio mzima, unakikunja kidole taratibu kielekee kiganjani, halafu unakiacha kinyooke mpaka kiguse kibao. Mara kumi. Saa inayofuata, tena. Kesho, tena.

Hapo ndipo moyo unapochoka. Maumivu ya wiki ya kwanza yana dawa. Wiki ya nne hakuna anayekuuliza tena hali, kidole kimesogea upana wa kucha, na wewe umekaa kwenye kochi unakihesabia. Mgeni akija wakati huo akakaa kimya, akatikisa kichwa, akaanza kukuhadithia mtu wa kwao aliyepasuliwa mkono ukakauka kabisa, akiondoka hufanyi zoezi la saa ile. Nasema kwa sababu lilinipata, si mara moja. Siku nyingine mjomba, kwa mapenzi yote, aliniletea mpira wa kubinya ili mkono upate nguvu. Nilimshukuru na kuuweka kabatini. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishanionya kwamba kubinya kitu mapema hivyo ndiko kunakokata kano. Naomba mnielewe hapa: zawadi ya mpira muulize kwanza mtaalamu wa mgonjwa.

Jirani yangu yeye alikuja kila siku saa kumi jioni kudai deni. "Hicho kidole bado kimelala? Kiambie mdai kaja." Tukacheka, nikakikunja, akahesabu yeye kwa sauti, na akifika saba anarudi tano makusudi mpaka nimkemee. Sisemi kicheko kinaunga kano. Kano inaungwa na uzi na muda. Ila nakumbuka vizuri kwamba nilipocheka bega lilishuka, mkono mwingine ukalegea, na kidole kikaenda mbali kuliko nilipokuwa nimekaza meno peke yangu.

Lililonitesa kuliko yote ni mkono wa kushoto. Nimelelewa kwamba chakula na salamu ni kwa mkono wa kulia, na mkubwa humpi kitu kwa kushoto. Sasa nikawa sina mwingine. Wiki mbili za kwanza nilikula chumbani kwa kijiko, mlango umefungwa. Siku niliyojikaza kwenda dukani, nilimpa mzee muuza duka pesa kwa kushoto huku nikimwomba radhi, nikaomba tena, akanikatiza: "Mwanangu, mkono wa mgonjwa hauna kushoto." Akaniwekea chenji palepale kiganjani, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nilitembea kurudi nyumbani nimenyoosha shingo. Usiku ule nilikula sebuleni na wenzangu, na mama mdogo akawa ananimegea ugali, matonge makubwa kupita kinywa, sote tukicheka.

Mkimwendea mtu wa namna hii, basi, nendeni na kazi ya mikono miwili: mfulieni, mmenyeeni viazi, mkamueni nguo, mfungeni vifungo. Na nendeni na maneno ya kuchekesha kama mna haki nayo. Mtani anayo, shemeji anayo, bibi na mjukuu wanayo. Usiye nayo, kaa uhesabu mara kumi pamoja naye.

Wiki 12 zilitimia mwezi uliopita. Mdai alikuja saa kumi kama kawaida yake, mkononi ana nazi mbili, akaziweka mezani bila salamu. Nilikalia mbuzi nikazikuna zote. Kifuu nilikishika kwa kulia, taratibu, na katikati ya nazi ya pili nilipumzika kidogo. Kidole cha mwisho bado hakijafika kiganjani, kimebakiza nafasi ya punje moja ya muhindi. Kila saa tunaendelea nacho.