Reale ya Mzinga

Wenzake wakistaafu wanafuga kuku. Wengine wanajenga fremu mbili barabarani, wanapangisha, wanakaa barazani kuhesabu wapita njia. Mama Zuhura, baada ya kufundisha historia miaka thelathini na minne, kiinua mgongo kilipoingia aliniita ukumbini, akafunga mlango, akafungua kitambaa chenye kidani cha marehemu bibi yake wa Pangani. Katikati ya kidani kuna sarafu ya fedha, pana, nzito, imetobolewa juu kupitisha mkufu.

"Baba Zuhura, hii ni reale ya mzinga. Nataka nikaone ilikozaliwa."

Nikauliza neno moja tu: wapi? Angesema Bagamoyo ningemwambia twende kesho.

"Potosí. Bolivia."

Niwaeleze kidogo, maana na mimi nilielezwa, tena mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Sarafu za Wahispania zilichorwa nguzo mbili. Wenyewe wanasema ni nguzo za Herkule, pale bahari inapopenya Gibraltar. Wazee wetu wa pwani hawakuwa na habari na Herkule. Walitazama, wakaona mizinga miwili, wakaiita reale ya mzinga, biashara ikaendelea. Mimi nawaunga mkono. Ila mzinga ninaoujua mimi ni huu wa siku hizi wa kupigwa, wa kuombwa hela. Nauza vipuri vya pikipiki Ngamiani, Tanga, na ukoo wetu una imani kwamba mwenye duka hana shida. Kwa wiki sikosi mizinga minne: ada, msiba, "nitakurudishia Ijumaa", na mwingine wa kukusalimia tu. Huu wa Mama Zuhura nikauona ndio mzinga wenyewe, ule wa ngomeni, na mlengwa nimefungwa mbele yake.

Binti yetu Zuhura anasoma São Paulo, Brazil, kwa hiyo kisingizio cha kwenda kule mama yake alikuwa nacho tayari. Yeye ndiye akawa mkalimani. Kireno chake na Kihispania cha kule vinaelekeana kama Kiswahili cha Tanga na cha Bukavu: mnaelewana vizuri mpaka mfike kwenye bei.

Tulianzia Sucre, mji mweupe, mzuri, mita 2,800 hivi. Pale nilikuwa mtu. Nilitembea, nikacheka, nikala. Tungekaa Sucre nisingekuwa na la kuandika. Lakini tukapanda gari saa tatu hivi, linapanda tu, masikio yanaziba na kuzibuka, na niliposhuka Potosí nikabeba begi langu hatua kumi na mbili, nikakaa juu yake.

Anayeujua Kilimanjaro atanielewa. Kibanda cha Horombo kiko mita 3,720. Hapo watalii wanapiga picha kwa ushindi na mpagazi anawapa pole. Potosí iko juu ya hapo, imepita mita 4,000, na watu wanapeleka watoto shule, wanapakia magunia, wanagombana na makonda. Kuna timu za ligi kuu pale, na uwanja kabisa. Mwaka 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa kwenye mwinuko mkubwa, Wabolivia wakaja juu, mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa. Wakati ule nilikuwa upande wa Wabolivia. Sasa nataka kubadilisha kura yangu.

Barabara zake zote zinapanda. Sijui zinashukia wapi, maana kila nilikotoka ilikuwa kupanda na kila nilikorudi ilikuwa kupanda. Bibi mmoja mwenye kofia ya duara na mzigo mgongoni alinipita kwenye kilima nikiwa nimeshika ukuta wa kanisa. Akarudi na mzigo mwingine. Bado nimeshika ukuta. Mara ya tatu akanisalimia kama mtu wa nyumbani.

Dawa ya huko ni majani ya koka. Unayakusanya shavuni kama bibi zetu na tambuu, au unawekewa kwenye maji ya moto. Ni halali kule, yanauzwa sokoni wazi kama mchicha. (Ukirudi nyumbani usithubutu kuwa nayo hata jani moja, labda kama unataka kustaafia gereza la Maweni.) Nilitafuna. Ulimi ukafa ganzi. Kichwa kiliendelea kuuma, ila sasa sikuweza kulalamika vizuri.

Basi nikasema, nipate chai yangu. Mimi chai nataka ichemke, iniunguze, nijue nimekunywa. Kumbe kule juu hata maji hayana nidhamu: yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa, kwenye nyuzi 87 hivi, kwa sababu hewa ni nyepesi. Yanatokota kwa mbwembwe, mvuke unapanda, ukinywa ni ya kuogeshea mtoto. Mama Zuhura akaanza kunieleza mgandamizo wa hewa. Mke wangu ni mwalimu wa historia, lakini akiwa na mimi anafundisha masomo yote.

Cha moto nilikipata kwenye supu. Inaitwa k'alapurka, uji mzito wa mahindi na pilipili. Zuhura aliuliza kama ina nguruwe, akajibiwa kwamba huwa anatiwa, tukaomba isiyo na nyama. Ikaletwa bakuli inanguruma. Ndani kuna jiwe. Jiwe kweli, la volkano, limetolewa motoni likatumbukizwa mle makusudi, supu inachemkia mezani mbele yako. Kwetu jiwe kwenye wali ni ugomvi wa ndoa na linaweza kuita wazee. Kule wanalilipisha. Nikasubiri lipoe, halikupoa, nikaunguza ulimi uleule uliokufa ganzi, na nakiri mbele yenu: ilikuwa tamu. Niliagiza ya pili. Mawe nilirudisha.

Sasa mizinga. Nilidhani nimeiacha Tanga. Choo cha stendi unalipia, unapewa karatasi nusu dhiraa, imekunjwa kwa adabu kama hirizi. Kupiga picha makumbusho unalipia. Siku ya pili, mtaani, mzee mmoja alinifinya mkono! Nikaruka. Akatabasamu, akasema neno, akaenda zake. Zuhura akauliza pale dukani, wakamwambia kuna imani ukimwona mtu mweusi ukafinya, unapata bahati. Wabolivia wenye asili ya Afrika, wengi wao wa mabonde ya Yungas, wamechoshwa na mchezo huo, na wana haki. Mimi bahati yangu mwenyewe miaka hamsini na tisa sijaiona, kumbe naitembeza bure mitaani kwa watu! Alipotaka kunifinya wa pili nilimnyooshea kiganja: boliviano tano kwanza. Akacheka. Hakulipa. Hakufinya.

Na juu ya mji umesimama mlima wenyewe, Cerro Rico, Mlima Tajiri, mwekundu, umechongoka kama kichuguu. Madini ya fedha yaligunduliwa pale mwaka 1545. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 mji ulikuwa na watu kama 160,000, hakuna hewa, hakuna miti, hakuna chai. Mpaka leo Mhispania akitaka kusema kitu kina thamani kubwa anasema kina thamani ya Potosí. Mlima umetobolewa karne tano karibu, kilele kimeanza kudidimia, na mwaka 2014 UNESCO iliuweka mji kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Watu bado wanaingia humo kuchimba, sasa zaidi bati na zinki. Unashauriwa ukienda kuwaona upitie soko lao uwanunulie zawadi: koka, soda, hata baruti. Baruti inauzwa kaunta moja na biskuti. Nilinunua soda.

Ndani ya mgodi, baada ya kuinama mpaka kiuno kikanisahau, tukafika kwenye kishimo amekaa sanamu wa udongo, ana pembe, macho makubwa, sigara mdomoni. Wanamwita Tío, yaani mjomba. Juu ya ardhi wanasali kanisani. Chini, wanasema, mwenye mali ni huyu, na lazima apewe chochote asikasirike. Mwongozaji akanitazama. Nikasema astaghfirullah, hata kuzimu kuna mjomba anayepiga mzinga! Wajomba zangu walio hai sijawamaliza. Nikatoka kwa mwendo ambao, kwa mwinuko ule, sikujua ninao.

Siku ya tatu ndiyo tukaenda kwenye Casa de la Moneda, nyumba ya kugongea fedha. Jengo lilikamilika mwaka 1773, linakula mtaa mzima, kuta zake kama za ngome. Ukiingia tu uani, juu ya tao, kuna sura kubwa ya mtu anacheka. Sitaki kusema anamcheka nani.

Ndani kuna mashine za mbao, magurudumu makubwa kuliko nyumba yetu ya uani, za kubanjulia fedha iwe bapa. Zilizungushwa na nyumbu, wale wa punda na farasi, na nyumbu hawakudumu. Watu nao walitumikishwa humo: wenyeji waliosukumwa kwa zamu ya lazima mgodini, na Waafrika waliovushwa bahari kuja kufanya kazi kwenye nyumba hii. Pale nilifunga mdomo wangu. Mama Zuhura aligusa lile gurudumu kwa ncha za vidole, kidani kiko mkono wa pili, na kwa dakika nzima hakunifundisha chochote.

Kisha akakata shauri. Akamwendea mama mmoja mfanyakazi wa pale, akamwonyesha sarafu kama anayemrudisha mtoto kwao. Yule mama akafurahi, akatoa lenzi, akaisogeza dirishani. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akamtazama mke wangu kwa ile huruma ya daktari kabla hajakaa kitini. Akazungumza na Zuhura kwa upole, na mimi nikasikia neno moja lisilohitaji mkalimani.

"México."

Za Potosí zina alama ya herufi P, T, S na I zimepandiana. Hii ina M, na juu ya M kijiduara. Alama ya Mexico, haina mjadala. Zuhura akakuza picha kwenye simu, tukaiona wote watatu, M imetulia na kijiduara chake kichwani kama mtu mwenye kofia.

"Mama, hii M miaka yote ulikuwa unadhani ni ya nini?"

Mama Zuhura akakohoa kidogo. "Ya mzinga."

Tukatoka. Tukapita chini ya ile sura, sikuinua macho. Nilikuwa na maneno mengi, mazuri, yaliyopangika, lakini pumzi ya kuyasema hakuna, nikakaa kwenye benchi la uwanjani nikiyahesabu kimoyomoyo. Mama Zuhura akakaa pembeni yangu, akanifunika bega kwa upande wa khanga yake. Baridi ilikuwa kali. Akanyamaza muda, nikadhani anatafuta namna ya kuniomba radhi.

"Zuhura," akasema, "hebu angalia kwenye simu. Mexico City iko mita ngapi?"

"Elfu mbili mia mbili na arobaini."

Akanigeukia, uso umechangamka.

"Si unaona, Baba Zuhura? Huko utapumua vizuri."